Niuze kiwanja cha baba nikasomee ubunifu wa jukwaa la opera?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Unguja, kwa sasa naishi Dar es Salaam. Nimesomea usanifu majengo, lakini tangu nimalize sijapata kazi ya ofisini ya kueleweka, kwa hiyo niliungana na dada yangu mkubwa kwenye kazi ya mapambo ya harusi. Yeye anashughulika na wateja na fedha. Mimi ni wa jukwaani: fremu, vitambaa, maua, taa, viti vya maharusi. Kazi ipo, hasa mwezi wa Shaaban kabla ya kufunga na mwezi wa Desemba, na wateja wanarudi.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado chuoni, mama mdogo anayeishi Muscat alinialika likizo akanipeleka Jumba la Opera la Kifalme kutazama Rigoletto, opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Sikuwa najua lolote kuhusu opera. Kilichonishika hakikuwa uimbaji. Pazia lilifungwa kwenye kasri la mtawala, watu kibao, mataa, vicheko. Lilipofunguka tena kasri lote limeondoka na pale pale pana mtaa wa usiku. Mama mdogo alikuwa anafuta machozi, mimi nahesabu milango.

Tangu hapo natazama opera na baleti kwenye simu kila nikipata bando, nasimamisha kila mandhari inapobadilika, najaribu kuchora ilivyofanyika. Nataka iwe kazi yangu.

Nimepata nafasi kwenye chuo kimoja London, shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Ada peke yake inapita pauni 25,000, bado kula na kulala. Marehemu baba alituachia viwanja Kigamboni. Mirathi ilishagawanywa na fungu langu ni kiwanja kimoja, karatasi za mauziano zipo ila hati bado. Mnunuzi nimempata. Bei anayotoa nikijumlisha na akiba yangu inatosha ada na miezi michache ya kuishi.

Mama analia. Kaka anasema nauza ardhi ya baba nikajifunze kupamba majukwaa ya Wazungu, wakati hapa napamba na nalipwa. Dada yeye kanyamaza, na kimya chake kinaniuma kuliko maneno ya kaka.

Naomba unijibu, Shangazi: hii ni kazi ya kweli ambayo mtu anaishi kwayo? Mimi sijui kusoma nota hata moja na kuchora kwa mkono ni wa wastani, je naiweza? Na kiwanja niuze? Chuo kinataka amana mwisho wa mwezi ujao.

Mpambaji, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile lenye tarehe. Kiwanja usiuze mwezi huu, na amana usilipe. Waandikie chuo leo uwaombe wakuahirishie nafasi hadi mwaka wa masomo unaofuata. Vyuo vingi vya Uingereza vina utaratibu huo, na kuomba ni bure. Wakikubali, umepata mwaka mzima wa kujipanga. Wakikataa, kazi zako zilizokupatia nafasi hiyo bado ni zako, na mwakani utazituma zikiwa bora zaidi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana barua yako inaonyesha unaipenda lakini umeiona kwa mbele tu, kutoka kwenye kiti cha mtazamaji. Mimi kabla ya safu hii nilikuwa msaidizi wa wabunifu wa jukwaa kwenye jumba la opera la mji mmoja wa Ujerumani. Nimekata kadibodi mpaka vidole vikaota sugu, kwa hiyo hapa sikupi habari za kusikia.

Ile Rigoletto uliyoiona ilikuwa ya Franco Zeffirelli, Mwitaliano aliyekuwa mwongozaji na mbunifu wa mandhari kwa pamoja. Jumba hilo hilo la Muscat lilifunguliwa Oktoba 2011 kwa opera ya Turandot aliyoiongoza yeye. Yeye alifariki Juni 2019 akiwa na miaka 96, na Rigoletto ikapanda jukwaani baada ya mazishi yake. Maana yake usiku ule ulioduwaa mwenye kazi hakuwepo duniani. Waliokuwepo ni wasaidizi wake, wachoraji wa mapazia, washonaji, maseremala na mafundi wa jukwaa. Mlango wa kuingilia kazi hii uko kwa hao, na nitaurudia tutakapofika kwenye fedha.

Mbunifu huanza mapema mno. Majumba makubwa hupanga misimu yao miaka miwili hadi minne mbele, kwa hiyo unaweza kusaini leo onyesho ambalo litafunguliwa mwanao akiwa anatembea. Unakaa na mwongozaji, au na mtunga dansi kama ni baleti, mnasikiliza muziki, mnabishana. Halafu unajenga modeli nyeupe ya kadibodi ndani ya kisanduku kilichofuata jukwaa halisi kwa kipimo cha 1:25. Uwazi wa jukwaa wenye mita 12 unakuwa sentimita 48. Mwimbaji wa mita 1.75 anakuwa sentimita 7. Modeli hiyo inapelekwa mbele ya mkuu wa karakana na mhasibu, na hapo ndipo ndoto nyingi hupunguzwa kimo. Wakishakubaliana bei unajenga modeli ya mwisho, yenye rangi na kila kiti, na unatoa michoro yenye vipimo. Ujerumani kuna hatua moja ninayoipenda kuliko zote: muda mrefu kabla ya ujenzi, mafundi husimamisha mandhari nzima jukwaani kwa ukubwa wake halisi, wakitumia mbao chakavu na vitambaa vya zamani, kwa siku moja tu. Siku hiyo mbunifu anazunguka ukumbi wote, anakaa viti vya bei rahisi kule juu pembeni, anagundua kwamba mlango aliouhangaikia miezi mitatu hauonwi na robo ya wateja.

Unaona kwamba hapa usanifu majengo wako ni mtaji? Wenzako wengi huingia kutoka uchoraji, na siku ya kwanza ya kuchora ramani ya sakafu na mkato wa jengo wanatoka jasho. Kuchora kwa mkono kwa wastani kunatosha. Modeli ndiyo inayouza kazi.

Unachokosa ni kingine, na harusi ndizo zimekizoesha jicho lako vibaya. Jukwaa la harusi linapambwa litazamwe na lipigwe picha, na maharusi wamekaa. Jukwaa la opera linafanya kazi. Waimbaji hawatumii maikrofoni. Sauti ya mtu mmoja inatakiwa ivuke okestra nzima ifike safu ya mwisho. Vitambaa vizito, mazulia, mahameli yenye mikunjo, yaani vile unavyovipenda, vinakunywa sauti. Ukimzungushia soprano, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, mahameli pande tatu atakuchukia, na atakuwa na haki. Anahitaji kitu kigumu nyuma yake, mbao au paneli, kinachorudisha sauti kwa watu. Anahitaji pia amwone kondakta, yaani kiongozi wa okestra, aidha moja kwa moja au kwenye skrini zilizofichwa pembeni, kwa hiyo nguzo yako nzuri isikae kati yao. Na ile kwaya ya watu hamsini, sitini, wenye sketi pana za karne ya 16, itatoka kwa mlango gani ndani ya sekunde chache ambazo muziki umewapa?

Kwenye baleti mambo yanageuka. Huko sakafu ndiyo mali, na unatakiwa uiache tupu. Mandhari yako yanaishi nyuma, juu na pembeni. Nafasi za kuingilia pembeni ziwe pana kiasi cha mwanamume kutoka mbio akiwa amembeba mwenzake juu ya kichwa. Sakafu yenyewe ni ya mbao yenye mnepo, juu imetandikwa vinili, na chochote kinachodondoka hapo kina uwezo wa kuvunja kifundo cha mguu. Majumba mengine ya kale yana jukwaa lililoinama kuelekea kwa watazamaji. La Palais Garnier, Paris, lina mwinamo wa karibu asilimia 5, na mchezaji asiyelizoea anauhisi kila anapozunguka. Mavazi nayo, maana wabunifu wengi hufanya vyote viwili: shanga kwenye kiuno cha binti ni misumari kwenye viganja vya mwenzake anayemnyanyua. Hata Picasso alipoingia kazi hii, kwa baleti ya Parade mwaka 1917, baadhi ya wahusika aliwavalisha maumbo ya kadibodi ya kimo cha karibu mita tatu. Kwenye makumbusho yanapendeza. Aliyekuwa ndani yake hakucheza dansi, alibeba mzigo.

Uliuliza ile mitaa na makasri hubadilikaje. Juu ya jukwaa, usipopaona, kuna mnara ambao mara nyingi kimo chake ni zaidi ya mara mbili ya uwazi unaouona mbele, na humo kunaning'inia mapazia na kuta kwenye nondo zinazopandishwa na kushushwa. Pembeni na nyuma kuna majukwaa mengine yanayosukumwa kwenye magurudumu na mengine yanayozunguka. Kuna pia shashi, na hii wewe mtu wa vitambaa utaipenda: ukiimulika kwa mbele ni ukuta uliochorwa, ukizima taa za mbele ukawasha za nyuma, ukuta unayeyuka na chumba kilichokuwa nyuma yake kinajitokeza. Rahisi, ya kale, na bado watu wanashusha pumzi.

Nota sasa. Huhitaji kupiga piano. Unahitaji kujua kufuata kitabu cha nota kwa kidole huku unasikiliza, na kujua mabadiliko ya mandhari yamepewa muda gani, kwa sababu kwenye opera muda huo ameuweka mtunzi, na yeye mara nyingi ni marehemu. Zamani wakiwa hai iliwezekana kuwaomba. Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1882 mitambo ya kubadilisha mandhari ya opera ya Parsifal ilikuwa ya polepole kuliko muziki, ikabidi Humperdinck, msaidizi wa mtunzi Wagner, aandike vipande vya ziada vya kujazia. Paris mwaka 1902, mazoezi ya opera ya Pelléas et Mélisande, mafundi hawakuwahi kubadilisha jukwaa, mtunzi wake Debussy akakaa kuongeza muziki wa katikati. Baadhi ya muziki wa opera hiyo ambao watu husifia leo upo kwa sababu maseremala walichelewa! Wewe hutakuwa na Debussy wa kumwomba dakika mbili. Mtafute mwalimu wa kwaya wa kanisani au wa shule ya muziki akufundishe misingi. Jioni mbili kwa wiki, miezi michache, utajua kinachokutosha.

Kitu kingine ambacho kwenye simu hukioni ni maisha ya mandhari baada ya onyesho la kwanza. Majumba ya Ujerumani, na majumba makubwa mengine, leo yanaimba Tosca, kesho yanacheza Swan Lake. Usiku huo huo mandhari yako yanavunjwa, yanapakiwa, yanaondoka, mengine yanaingia. Kama kipande hakipiti kwenye mlango wa kupakilia au hakiingii kwenye kontena, hakuna anayejali kinavyopendeza. Julia Trevelyan Oman, Mwingereza aliyeanzia kazi ya ubunifu BBC, alibuni La bohème ya Royal Opera ya London mwaka 1974. Mandhari yale yaliendelea kutumika hadi 2015, yeye akiwa ameshafariki tangu 2003. Miaka 41 ya kuvunjwa na kusimamishwa. Lile nalihesabu kuwa ushindi mkubwa kuliko mtambo wa tani 45 uliotengenezwa kwa ajili ya opera nne za Ring za Wagner pale Metropolitan Opera ya New York, uliobuniwa na Carl Fillion kwa mwongozaji Robert Lepage. Jukwaa lilibidi liimarishwe kwa chuma ndipo liubebe. Usiku wa ufunguzi, Septemba 2010, mwishoni kabisa, mtambo uligoma na miungu ikashindwa kuvuka daraja lao la upinde wa mvua kuingia kwao. Wapo wanaoutetea mtambo ule. Mimi simo.

Je, watu wanaishi kwa kazi hii? Wanaishi, lakini si kama kaka yako anavyofikiri, wala si kama wewe unavyofikiri. Mbunifu ni mtu wa mkataba mmoja mmoja. Malipo huja kwa mafungu: ukisaini, ukikabidhi modeli, na onyesho likifunguliwa. Kati ya fungu na fungu unaweza kukaa miezi bila senti, ndiyo maana karibu kila mmoja ana kazi tatu nne kwa wakati mmoja, au anafundisha, au anafanya maonyesho ya makumbusho, televisheni, matamasha. Es Devlin, aliyebuni ile opera ya Carmen ya Bregenz, Austria, ya mwaka 2017, mikono miwili mikubwa ikirusha karata juu ya ziwa mbele ya watu karibu 7,000, ndiye huyo huyo anayebuni majukwaa ya Beyoncé. Maria Björnson, ambaye alifanya The Sleeping Beauty ya Royal Ballet mwaka 1994, alianzia kwenye jumba dogo la michezo ya kuigiza la Glasgow, kazi baada ya kazi, kabla The Phantom of the Opera ya 1986 haijamfanya ajulikane dunia nzima. Hawa ni wa juu kabisa. Chini yao wapo mamia ambao hutawasikia, wanaopata maisha ya kawaida na wanafanya kazi hadi usiku wa manane.

Wenye mshahara wa kila mwezi na bima ni wasaidizi. Ujerumani, majumba ya serikali na ya miji huajiri wasaidizi wa ubunifu wa jukwaa, kwa kawaida misimu miwili au mitatu. Unajenga modeli za wengine, unashinda karakana, unasimama kwenye mazoezi mbunifu akiwa ameshakwenda mji mwingine. Mara nyingine jumba linakukabidhi onyesho dogo la watoto au la chumba kidogo, na hapo ndipo jina lako linaandikwa kwa mara ya kwanza. Ndiyo sababu mwaka mmoja wa London kwa bei ya kiwanja haunishawishi. Utatoka na cheti kizuri, modeli mbili tatu, na jiji ghali ambalo kila kazi ndogo ya usaidizi inagombewa na waliokulia pale. Chuo si kibaya. Bei yake kwako ndiyo mbaya.

Kama London imekukaa moyoni, iende kwa fedha ya watu. Ufadhili wa Chevening unalipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza na Watanzania wanaomba. Maombi hufunguliwa karibu Agosti. Wanataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na mapambo ni kazi. Ila kama wewe na dada mnaandikiana kwenye WhatsApp tu, anzeni leo kuweka mikataba, risiti na barua. Ujue pia kwamba ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani kwa miaka miwili.

Mimi ningekuelekeza Ujerumani. Vipo vyuo vya serikali vinavyofundisha ubunifu wa jukwaa na mavazi, Dresden kipo, Berlin vipo viwili, na kwa sehemu kubwa ada ya masomo hakuna, mchango mdogo wa muhula tu. Wanachotaka ni mkoba wa kazi zako na mtihani wa usanii, na Kijerumani cha kueleweka. Ubalozi nao utataka uonyeshe fedha za kujikimu kwenye akaunti maalumu, zaidi ya euro 11,000 kwa mwaka. Si kidogo. Lakini hizo ni zako, unazila wewe mwezi kwa mwezi, na ni chini ya nusu ya hiyo ada ya London. Kijerumani kinafundishwa Dar es Salaam. Anza mwezi huu, maana lugha ndiyo itakayochukua muda kuliko modeli.

Na usisubiri viza ndipo uguse jukwaa. Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo kilichoanza mwaka 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa, wanaofundisha pia ufundi wa jukwaa, na kila tamasha lao linahitaji mikono. Nairobi, Dance Centre Kenya wamekuwa wakipandisha The Nutcracker Jukwaa la Taifa la Kenya, baleti kamili yenye mti wa Krismasi, theluji na jeshi la panya. Panda basi, jitolee kubeba, kupaka rangi, kushika taa. Kutazama wachezaji wakiingia na kutoka ukiwa pembeni gizani kutakufundisha mambo ambayo simu haijakufundisha miaka yote hii. Na kama mama mdogo bado yuko Muscat, nenda tena, safari hii ukiwa na daftari, uombe kutembezwa jengo kabla hujanunua tiketi.

Kuhusu kaka na majukwaa ya Wazungu, mpe hii. Jumba la opera la Cairo lilifunguliwa Novemba 1869, na opera iliyolifungua ni hiyo hiyo Rigoletto yako. Miaka miwili baadaye Aida ilionyeshwa hapo kwa mara ya kwanza duniani, na ilichelewa kwa karibu mwaka mzima. Waimbaji wapo, muziki upo. Mandhari na mavazi yalikuwa yametengenezwa Paris, na Paris imezingirwa na jeshi la Prussia, hakitoki kitu. Kazi ya mbunifu haikufika, onyesho halikuwepo. Mtajie na William Kentridge wa Johannesburg, aliyeanza na mkaa na karatasi. Michoro yake hiyo ya mkaa aliifanya isogee, akaimulika kwenye mandhari ya The Magic Flute huko Brussels mwaka 2005, na baada ya miaka miwili ikachezwa Cape Town na Johannesburg. Alisomea siasa chuo kikuu, mwambie kaka na hilo.

Dada yako mzungumzie wewe mwenyewe, leo, ana kwa ana. Nadhani hanyamazi kwa sababu ya kiwanja. Mnaendesha biashara wawili na umemwachia asikie kwa watu kwamba mwenzake anaondoka. Mpangie: utafanya naye misimu mingapi, nani atafundishwa kazi ya jukwaa, na faida yako ikae wapi hadi utakapoihitaji. Kwenye faida hiyo toa gharama za kupima kiwanja na kufuatilia hati. Hata kama siku moja utalazimika kukiuza, chenye hati kinauzwa bei nyingine kabisa na hiyo unayopewa sasa na mtu anayejua una haraka. Mama akiona unakipima badala ya kukiuza, nadhani na machozi yatapungua.

Halafu nakupa kazi. Chukua tendo la tatu la Rigoletto. Ni usiku, kando ya mto, banda la ulevi la muuaji wa kukodiwa. Kuna wimbo wa watu wanne ambamo mtawala anamtongoza dada wa muuaji ndani, na nje Gilda, binti anayempenda mtawala huyo, na baba yake Rigoletto wanasikiliza na kuona kila kitu. Wote wanne waonekane na wote wasikike kwa wakati mmoja. Mtawala anapanda juu kulala, na tunatakiwa tumsikie baadaye akiimba kule juu. Tufani inakuja. Gilda anagonga mlango, anaingia, anachomwa kisu gizani. Kisha gunia linakabidhiwa nje. Jenga hilo kwa 1:25, jukwaa la mita 12 kwa upana na mita 14 kwa kina. Ukuta kati ya ndani na nje utaufanyaje? Watu wengi wamelikata banda katikati kama nyumba ya mwanasesere, nawe ukitaka fanya hivyo, ila uniambie kwa nini. Usitumie kitambaa hata kipande, isipokuwa shashi. Baada ya hapo fanya tukio moja la The Nutcracker, pale mti unapokua. Muziki unapanda na kupanda. Mti wako uanze kukua wapi na ukome wapi, na wakati huo wachezaji wako upande gani?

Modeli zikiisha nitumie picha tatu za kila moja: moja kutoka katikati ya ukumbi, moja kutoka kiti cha juu pembeni, moja ya ramani ya sakafu ikionyesha kila mtu anaingilia na kutokea wapi. Ya kiti cha pembeni ndiyo nitakayoiangalia kwanza.

Shangazi